Kaini, Esau na ndugu za Yusufu: ni wivu uleule?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naongoza kikundi cha kujifunza Biblia, tumefika kitabu cha Mwanzo. Wenzangu wanasema Kaini, Esau na ndugu za Yusufu wote waliponzwa na wivu. Je, kwenye Kiebrania ni neno moja?

JIBU: Marahaba. Hapana, si moja. Kwa Kaini neno wivu halimo kabisa. Sura ya 4 inasema aliwaka hasira na uso wake ukabadilika, basi. Wivu tunauongeza sisi wasomaji. Sidhani kama tunakosea, lakini tujue ni sisi.

Kitenzi cha Kiebrania cha kuona wivu kinatokana na mzizi wa kof-nun-alef. Katika Mwanzo kinatajwa mara tatu: Wafilisti wanamwonea wivu Isaka kwa mifugo yake (26:14), Raheli anamwonea dada yake Lea kwa watoto (30:1), na wana wa Yakobo wanamwonea Yusufu (37:11). Hebu zisomeni hizo mbili za mwisho pamoja. Raheli alimwonea wivu Lea, kisha wana wa Lea wakawa miongoni mwa waliomwonea wivu mtoto wa Raheli. Mwandishi haelezi kitu, anarudia kitenzi tu.

Angalieni pia mpangilio wa sura ya 37. Aya za 4, 5 na 8 zinataja chuki. Wivu unaingia aya ya 11, baada ya Yusufu kusimulia ndoto yake ya pili, ya jua, mwezi na nyota 11 vikimwinamia. Kwa maoni yangu, kanzu ambayo Yakobo alimpa Yusufu iliwaudhi kwa sababu ya upendeleo wa baba. Ndoto ya pili iliwatia hofu kwamba huyu kijana wa miaka 17 huenda kweli akawa mkubwa wao. Aliyechukiwa kwa kanzu aliishia kuuzwa kwa vipande 20 vya fedha.

Esau, ambaye ndugu yake Yakobo alimnyang'anya baraka ya baba yao, ana kitenzi chake, *satam* (27:41). Mimi hukitafsiri "kushika kinyongo", na ndicho kilichomfanya Yakobo akimbilie Harani, akakaa miaka 20. Sasa rukeni hadi 50:15. Yakobo amekufa, na wanawe wanaambiana: huenda Yusufu akatushikia kinyongo. Ni *satam* ileile. Wanamwogopa ndugu yao kama baba yao alivyomwogopa wake, ila safari hii kinyongo kilikuwa vichwani mwao tu. Yusufu alipopata ujumbe wao, alilia.