Fundi Anajibu: Valvu ya upepo ikae wapi?

Shikamoo fundi. Nina gari dogo la mizigo, nabeba karafuu kupeleka Wete. Nyuma lina springi mbili za upepo (mifuko ya mpira inayojazwa hewa) kwa valvu moja ya umeme ya kuingizia na kutolea upepo, imefungwa chini, nyuma ya tairi. Kwenye kona linalala sana, na asubuhi nalikuta limekaa chini. Niihamishe?
Msomaji, Pemba

Marhaba, mwanangu. Ihamishe, tena uongeze ya pili. Springi mbili zikichangia njia moja, kwenye kona upepo hukimbia kutoka upande uliolemewa kwenda upande mwepesi, na gari huzidi kulala. Na mzigo wa magunia ulivyo juu, hilo ni hatari. Kila upande uwe na valvu yake.

Nyuma ya tairi ndipo pabaya kuliko pote. Juzi nilifungua valvu ya gari la samaki iliyokaa hapo hapo: chumvi imeganda ndani kama ukoko wa wali, kijiti cha ndani kinachofunga njia ya upepo hakirudi, upepo unavuja usiku kucha. Yako huenda ni hivyo, lakini kwanza paka maji ya sabuni kwenye valvu, viungo na springi zenyewe. Penye povu ndipo panapovuja.

Valvu zote mbili zifunge juu, ubavuni mwa chasisi kwa ndani, mbali na ekzosi, tundu la kutolea upepo likitazama chini. Mpira wa kwenda kwenye springi uwe mfupi, usisuguane na chuma. Na mtungi wa kuhifadhia upepo uumwage maji kila wiki, nakusihi. Maji hayo ndiyo yanayozila valvu kutoka ndani.