Mwanangu, agizeni kidogo kidogo

Marahaba, mwanangu.

Umeniuliza namna ya kuwaagizia wenzako chakula Ijumaa kwenye baa ya tapas, yaani vyakula vya sahani ndogo ndogo vya Hispania, hapo Sevilla. Mtakuwa sita, mmoja wenu hali nguruwe, na hamtaki bili ya kuwashtua. Kubwa kuliko yote ni hili: usitaje kila kitu kwa mpigo. Jiko la tapas halipangi mlo kwa zamu, sahani hutoka pale inapokuwa tayari. Ukiagiza kumi kwa pamoja, zote zitatua ndani ya robo saa juu ya meza isiyo na nafasi hata ya viwiko, na mkiwa bado mnahangaika na saladi, samaki wa kukaanga atakuwa ameshalegea.

Angalia ukubwa kabla ya bei. Menyu nyingi za Sevilla zina safu mbili au tatu kwa chakula kilekile: tapa, media na ración. Tapa ni ya mtu mmoja, kijiko mara tatu nne imekwisha. Media yatosha watu wawili au watatu kuonja vizuri. Ración ni sahani nzima ya kuweka katikati. Bei ya tapa huvutia macho, lakini tapa moja ya pweza kwa watu sita ni kutafuta ugomvi. Kwa idadi yenu anzeni na media nane hivi pamoja na mkate, lakini kwa mafungu. Mkiona njaa ipo, mtaongeza mbili. Vitu vya kuhesabika, kama croquetas (vidonge vya kukaanga vyenye mchuzi mzito wa maziwa ndani), uliza vinakuja vingapi: «¿Cuántas trae?» Vikija vitano kwa watu sita, mtu atabaki anatazama.

Kuna mtego hapo. Baa kadhaa huuza tapa kaunta tu. Mkikaa mezani, au nje kwenye terraza, mnapewa media na ración peke yake, na nje bei yaweza kuwa juu kidogo. Ulizeni kabla ya kuvuta viti.

Fungu la kwanza liwe la baridi, maana halichelewi: zeituni, ensaladilla (viazi, mayonezi, na jodari au kamba), na salmorejo, ule uji mzito wa nyanya, mkate na mafuta ya zeituni. Boquerones en vinagre, samaki wadogo walioivishwa kwa siki, msiwaogope kwa kuwa hawakupita motoni. Sheria ya Hispania inaitaka migahawa kuwagandisha kwanza kwa angalau saa 24 kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri, ili kuua minyoo ya anisakis.

Sahani za baridi zikianza kuisha, agizeni za kukaanga, mbili tu kwa wakati. Cazón en adobo ndiyo ningeitanguliza: vipande vya papa mdogo vilivyolala kwenye siki, bizari ya pilau, oregano na kitunguu saumu, vikapakwa unga na kuzamishwa kwenye mafuta. Kipande kizuri ukikivunja kinatoa mvuke, nyama nyeupe na yenye maji, ganda kavu. Ukiona ganda limeachana na nyama na linadondosha mafuta, mafuta hayakuwa na moto wa kutosha, basi sahani nyingine ya kukaanga hapo usiagize. Tortillitas de camarones nazo ni kama bajia nyembamba zenye kamba wadogo wanaoliwa na maganda yao. Mwisho viingie vya mchuzi, kama spinachi na dengu, chakula cha Sevilla hasa, chenye bizari na mkate wa kukaanga uliopondwa. Bakiza mkate wa kuchovya.

Sasa mwenzenu asiyekula nguruwe. Zile alama ndogo za mzio kwenye menyu hazitamsaidia. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya 2011 inataja vizio 14, kuanzia ngano na mayai hadi ufuta, na nguruwe hayumo. Akisema tu kwamba hataki nyama, anaweza kuletewa mboga zilizonyunyiziwa jamón, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, kwa sababu wapo wahudumu wasioihesabu jamón kuwa nyama. Aseme wazi: «No como cerdo, ni jamón», yaani sili nguruwe, wala jamón.

Anapojificha nguruwe ni hapa. Salmorejo huja na vipande vya jamón na yai juu yake, kwa hiyo aombe «sin jamón», bila jamón, tangu mwanzo, si kuvichokoa baadaye. Croquetas mara nyingi zina jamón ndani ya ule mchuzi wa maziwa, na kwa macho hutaijua. Solomillo al whisky, sarara ya mchuzi wa whisky inayopendwa mno mjini hapo, kwa kawaida ni nguruwe, mbali na whisky yenyewe. Secreto, presa na pluma zote ni nyama ya nguruwe. Carrillada, yaani shavu, yaweza kuwa ya nguruwe au ya ng'ombe, lazima kuuliza. Dengu na maharage nayo yaulizwe, chorizo, soseji ya nguruwe, hupenda kupikwa humo. Kama anaepuka na kileo, aulize michuzi ya nyama, mingi hutiwa mvinyo. Kama hataki hata mafuta yaliyokaangia nguruwe, aachane na vya kukaanga, maana croquetas na samaki mara nyingi hushiriki karai moja.

Kwenye bili mtakuta mkate na picos, vile vijiti vikavu vya mkate, hata kama hamkuviomba. Ndivyo ilivyo, na ni hela ndogo. Msipovitaka, virudisheni kabla hamjavigusa. Baa kongwe kama El Rinconcillo, la tangu 1670, huandika hesabu kwa chaki juu ya mbao za kaunta, basi usiweke kiwiko juu ya deni lenu. Bakshishi si lazima, watu huacha sarafu kidogo. Kama kuna asiyekunywa mvinyo, kubalianeni kabla ya kuanza jinsi ya kugawana, kwa sababu mhudumu hatapenda kuwatenganishia bili sita.

Jiko la mchana hufungwa mnamo saa kumi, na la usiku hufunguliwa saa mbili au mbili na nusu. Fikeni hapo hapo linapofunguliwa, hasa kwa kuwa baa nyingi hazihifadhi meza. Ijumaa saa nne usiku, kwa watu sita, hamtapata hata pa kusimama kaunta.

Mama yako