Kama Adamu hakuwa na baba wala mama, mbona haitwi Mwana wa Mungu?

SWALI

Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mimi ni mama wa watoto watatu, nashona nguo hapa Tanga. Fundi mwenzangu tunayekodi naye chumba cha kazi ni Mwislamu, mtu wa heshima zake, na tumeshibana. Juzi mazungumzo yakafika kwa Bikira Maria. Akaniambia, "Dada, hata sisi tunaamini kwamba Bibi Maryam alizaa bila kuguswa na mwanamume. Lakini Adamu hakuwa na baba wala mama. Ikiwa kuzaliwa bila baba ndiko kunakomfanya mtu awe Mwana wa Mungu, basi Adamu amestahili zaidi." Nilikosa la kujibu. Na tangu siku hiyo kuna jingine linanisumbua moyoni. Kama ilibidi Yesu azaliwe na bikira ndipo awe mtakatifu, je, watoto wangu niliowapata na mume wangu, tena katika ndoa ya Kanisa, wamepatikana kwa njia isiyo safi?

JIBU

Milele amina, mama. Fundi mwenzako amekuuliza swali zuri, na sehemu kubwa ya aliyoyasema ni kweli. Quran, sura ya 3 aya ya 59, inasema mfano wa Isa kwa Mwenyezi Mungu ni kama mfano wa Adamu, aliyeumbwa kwa udongo kisha akaambiwa "Kuwa", akawa. Hoja yake imetoka huko, na ina uzito: muujiza wa kuzaliwa, peke yake, haumfanyi mtu yeyote awe Mungu. Hapo mkubalie bila hofu, hutakuwa umeisaliti imani yako. Kanisa halifundishi kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu kwa sababu hakuwa na baba wa hapa duniani. Wakristo wengi hudhani hivyo, nami huwasikia hata makatekista wazuri wakifundisha hivyo, lakini sivyo.

Angalia jinsi mitume walivyohubiri. Siku ya Pentekoste Petro anasimama mbele ya watu wa Yerusalemu, na hoja yake yote inakaa juu ya ufufuko: Yesu mliyemsulibisha, Mungu amemfufua. Habari ya bikira haitaji. Paulo naye anawaandikia Wakorintho, "kama Kristo hakufufuka, basi kuhubiri kwetu ni bure, na imani yenu ni bure." Marko anaanza Injili yake na ubatizo mtoni Yordani. Na Paulo huyo huyo, katika barua kwa Wafilipi, iliyoandikwa kabla ya Injili ya Mathayo na ya Luka kama wataalamu wengi wa Biblia wanavyokubaliana, anasema kwamba Kristo "mwanzo alikuwa yuna namna ya Mungu", kisha "akatwaa namna ya mtumwa, akawa ana mfano wa wanadamu." Bikira hajatajwa hapo, na umungu wa Kristo umekirimiwa maneno mazito kuliko mahali pengi pa Biblia.

Kwa hiyo tunachokiri ni hiki. Mwana alikuwako kwa Baba kabla Nazareti haijakuwa kijiji, kabla Maria hajazaliwa, kabla ya Adamu mwenyewe. Usiku wa kuamkia mateso yake Yesu anasali akiutaja "utukufu ule niliokuwa nao pamoja nawe kabla ya ulimwengu kuwako." Hakuanza kuwa Mwana tumboni mwa Maria. Tumboni mwa Maria alianza kuwa mwanadamu. Hapo ndipo Adamu anapoachana naye: kabla ya ule udongo kufinyangwa, hapakuwa na Adamu popote. Yeye aliumbwa, akaanza kuwako. Kristo hakuja kuwako kwa kuzaliwa Bethlehemu, alikuja kwetu.

Mwenzako akiwa msomaji, anaweza kukuletea maneno ya malaika Gabrieli katika Luka 1:35: "Roho Mtakatifu atakujilia juu yako, na nguvu zake Aliye juu zitakufunika kama kivuli, kwa sababu hiyo hicho kitakachozaliwa kitaitwa kitakatifu, Mwana wa Mungu." Atasema: si hapo, "kwa sababu hiyo"? Ni hoja ya haki, na haifai kuikwepa. Malaika anamjibu msichana aliyeuliza litakuwaje neno hili ilhali hajui mume. Anamwambia mimba hii itatoka wapi, na kwamba itakavyotungwa ndivyo itakavyojulisha aliyemo ni nani. Mtoto ambaye Mungu mwenyewe ndiye asili ya kuja kwake ataitwa kwa jina lake la haki. Tukio linamtangaza Mwana, halimtengenezi. Ukiisoma aya hiyo pamoja na sura ya kwanza ya Yohana utaona kwamba Kanisa halikuwa na njia nyingine ya kuielewa.

Tukiwa bado kwenye aya hiyo, tazama neno "zitakufunika kama kivuli". Luka hakuliokota tu. Katika Kutoka sura ya 40, wingu linaifunika hema ya kukutania, utukufu wa Bwana unaijaza, hata Musa anashindwa kuingia. Luka anamweka binti wa Nazareti mahali pa ile hema. Hakuna hapa hata chembe ya mambo ya mume na mke. Katika karne ya 2 Wayunani walikuwa na hadithi zao za miungu walioingilia wanawake, na katika maandiko ya Mtakatifu Yustino Mfiadini, Trifo Myahudi anamtupia hadithi ya Perseo, aliyezaliwa na Danae baada ya Zeu kumshukia, akimwambia Wakristo waone aibu kusema mambo yanayofanana na hayo. Yustino anakataa ulinganisho huo: mle mna tamaa ya mungu wa kubuniwa, na huku kuna uwezo wa Mungu Muumba usiogusa ubikira wa mtu. Quran nayo inauliza, katika sura ya 6 aya ya 101, atakuwaje na mwana hali hana mke? Mwambie mwenzako kwamba kwa hili Wakristo tunasema kama yeye: Mungu hana mke, na anayemdhania hivyo anamkufuru. Roho Mtakatifu haitwi baba wa Yesu mahali popote katika imani yetu.

Na Adamu? Hapa nitakufurahisha, mama. Luka anamwita Adamu hivyo hivyo! Fungua sura ya 3, anapotaja ukoo wa Yesu, "akidhaniwa kuwa ni mwana wa Yusufu", anapanda jina kwa jina hadi "wa Sethi, wa Adamu, wa Mungu." Kisha, mstari unaofuata, Yesu anaongozwa nyikani kujaribiwa na Ibilisi, na la kwanza analojaribiwa nalo ni chakula. Luka anajua anachokifanya. Mwana wa kwanza alishindwa katikati ya bustani iliyojaa matunda; huyu anashinda jangwani akiwa na njaa. Kuelekea mwaka 180, Mtakatifu Ireneo, askofu wa Lyon, alilitazama jambo hili kwa undani akaandika kwamba Adamu alitwaliwa katika ardhi ambayo ilikuwa bado bikira, haijanyeshewa mvua wala kulimwa na mtu, na ndiyo maana ilifaa Adamu mpya naye azaliwe na bikira. Kulinganisha Adamu na Kristo, basi, ni jambo la kwetu tangu Paulo alipowaandikia Warumi na Wakorintho. Tofauti ni kwamba wa pili amekuja kuiinua nyumba yote ya wa kwanza.

Sasa utaniuliza: kama ubikira wa Maria hauthibitishi umungu wa Kristo, una kazi gani katika Nasadiki, ile sala ya kuungama imani yetu?

Mathayo anaijibu kwa njia ya ukoo. Ibrahimu akamzaa Isaka, Isaka akamzaa Yakobo, na kadhalika, mwanamume akimzaa mwanamume, vizazi kumi na vinne mara tatu. Watu wengi huiruka sura hiyo, nami nasikitika, kwa sababu wanakosa kusikia mahali mdundo unapokatika: "Yakobo akamzaa Yusufu mumewe Mariamu aliyemzaa Yesu aitwaye Kristo." Yusufu hakumzaa. Orodha ndefu ya wanaume wenye uwezo wa kuzaa, wafalme wakiwemo, inafika mlangoni kwa Masiya na kusimama. Wokovu haukutoka katika nguvu zao. Ahadi ile ile ilikuwa imepitia wanawake waliokosa watoto: Sara aliyecheka, Rebeka, Raheli aliyemlilia mumewe ampe watoto la sivyo atakufa, mama yake Samsoni, Hana aliyedhaniwa kuwa mlevi alipokuwa akisali. Elisabeti anaufunga mstari huo katika uzee wake. Wote hao walipewa mtoto pale mwanadamu alipokuwa amekata tamaa. Kwa Maria hakukuwa na tamaa ya kukatwa, maana hakuwa ameomba mtoto. Mungu alianza mwenyewe, na kitu pekee alichokitaka kutoka kwa mwanadamu ni kukubaliwa: "Tazama, mimi ni mjakazi wa Bwana, na iwe kwangu kama ulivyosema."

Yusufu naye si mtu wa pembeni, kama picha nyingi za Noeli zinavyomweka karibu na punda. Yeye ndiye aliyempa mtoto jina, kama malaika alivyomwagiza. Mwanamume akimpa mtoto jina mbele ya watu, amemkubali kuwa wake kisheria, na kwa njia hiyo Yesu anaingia katika nyumba ya Daudi kwa haki. Ukoo ule wa Mathayo haukuandikwa bure.

Upande mwingine tunausahau zaidi. Nasadiki inaposema alizaliwa na Bikira Maria, sisi tunasikia neno "Bikira" kwanza. Wakristo wa karne ya 2 walihitaji zaidi neno "alizaliwa". Walikuwapo waliosema Kristo hakuwa na mwili wa kweli, alionekana tu kana kwamba anao. Wafuasi wa Valentino, mwalimu wa uzushi wa karne hiyo, kama Ireneo anavyotuarifu, walisema alipita kwa Maria kama maji yanavyopita katika bomba, bila kuchukua chochote kwake. Mtakatifu Inyasi, askofu wa Antiokia, mwanzoni mwa karne hiyo, akipelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari kwenda kuliwa na wanyama, aliwaandikia Wakristo wa Smirna akirudia neno moja: kweli alizaliwa na bikira, kweli alipigiliwa misumari katika mwili chini ya Pontio Pilato. Mtu anayekwenda kufa hivyo haandiki kwa kupamba. Kama mwili wa Bwana ulikuwa kivuli, mateso ya Inyasi nayo yangekuwa bure, na yeye alisema hivyo waziwazi. Maria alimpa Mwana wa Mungu damu, mifupa, sura ya uso. Ndiyo maana Mtaguso wa Efeso, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 431, ulimwita Mama wa Mungu: si kwamba umungu ulianzia kwake, bali yule aliyemzaa ni Mungu aliyefanyika mwili, wala hawako wawili.

Na jambo hili linakugusa wewe binafsi. Yohana anasema wote waliompokea Kristo wamefanyika watoto wa Mungu, "waliozaliwa, si kwa damu, wala si kwa mapenzi ya mwili, wala si kwa mapenzi ya mtu, bali kwa Mungu." Papa Leo Mkuu, aliyeliongoza Kanisa miaka ya 440 hadi 461, alihubiri siku ya Noeli kwamba asili ile Kristo aliyoitwaa tumboni mwa Bikira, ndiyo aliyoiweka katika kisima cha ubatizo. Watoto wako walipobatizwa walizaliwa kwa Roho yule yule. Hakuna mzazi anayeweza kumpa mwanawe uzima huo kwa nguvu zake, hata awe mwema namna gani.

Nalo hilo linanileta kwenye swali lako la pili, ambalo naona ndilo linalokuuma. Hapana, mama. Watoto wako hawakupatikana kwa njia chafu. Wamekuwapo walimu wakubwa, Mtakatifu Augustino akiwa mmojawapo, waliofikiri kwamba dhambi ya asili, ile tunayozaliwa nayo tangu Adamu, hurithishwa kwa njia ya ile tamaa inayokuwamo katika kukutana kwa mume na mke, na mawazo hayo yameacha kivuli kirefu katika mahubiri yetu. Lakini Mathayo na Luka hawasemi popote kwamba Yesu alizaliwa na bikira ili kukwepa uchafu wa ndoa. Waraka kwa Waebrania unaagiza ndoa iheshimiwe na watu wote, na malazi yawe safi.

Tena nikupe hoja kutoka katika imani yetu wenyewe Wakatoliki. Tarehe 8 Desemba tunaadhimisha Bikira Maria Kukingiwa Dhambi ya Asili, fundisho lililotangazwa rasmi na Papa Pio IX mwaka 1854. Watu wengi huichanganya sherehe hiyo na Yesu kutungwa mimba bila baba, jambo tunaloliadhimisha tarehe 25 Machi. Ya Desemba inamhusu Maria mwenyewe alipotungwa tumboni mwa mama yake, ambaye mapokeo yanamwita Ana, mkewe Yoakimu. Na Maria alitungwa vipi? Kwa baba na mama, kama wewe, kama watoto wako. Mungu alimjalia utakatifu tangu nukta ya kwanza ya uhai wake, na kukutana kwa wazazi wake hakukuuzuia utakatifu huo hata kidogo. Kama ndoa ingekuwa doa, Kanisa lisingeweza kufundisha hivyo.

Kwa fundi mwenzako, usiende na hoja zote hizi kwa mara moja. Mwambie kwamba alikuwa na haki kuhusu Adamu, na kwamba hatumwiti Yesu Mwana wa Mungu kwa sababu ya muujiza wa Nazareti. Mkipata nafasi, someni pamoja Wafilipi sura ya 2, aya ya 5 hadi ya 11, umsikie anasemaje. Atakuuliza habari ya msalaba, maana mistari hiyo inafika huko haraka. Hapo niandikie tena.