Maswali ya Wasomaji: Vifundo vya mikono kwanza, kamera baadaye

SWALI: Dada, salaam. Mimi ni baba wa watoto watatu, tuko Calgary mwaka wa nne sasa. Binti yangu wa miaka 13 anakwenda na darasa lake kujifunza kuteleza kwa ubao wa theluji (snowboard) kwenye kile kilima cha Olimpiki, nami nimeamua nijifunze pamoja naye, tuwe tunakwenda kila Jumamosi. Nimeshanunua makoti, glovu na miwani, na hela imekwisha. Wenzangu kazini wananiambia pedi za kujikinga ni za waoga. Je, ni lazima? Halafu nataka kumrekodi akishuka ili bibi yake aliyeko Bukoba amwone. Nimfuate kwa nyuma na simu mkononi, au nifanyeje?
– Baba wa watatu, Calgary

JIBU: Kaka yangu, umeuliza mtu anayefunga plasta kwa riziki. Nimefanya kazi hiyo hapahapa Calgary kwa miaka mingi, na majira ya baridi nikiingia kazini Jumatatu asubuhi huwa najua nitakaowakuta kwenye benchi: vijana na wazee wao, mkono mmoja umeshikwa na mwingine, kifundo kimevimba. Ukiwauliza, wengi watakwambia ilikuwa siku ya kwanza au ya pili juu ya ubao. Hata mimi nilipita hapo. Majira yangu ya kwanza niliuvunja mkono wa kushoto saa mbili tu baada ya kufunga buti, tena kwenye mteremko ambao mtoto wa miaka mitano angeushuka akiimba. Kwa hiyo sisemi kwa nadharia.

Kwenye ubao miguu yote miwili imefungwa pamoja. Ukiyumba huwezi kupiga hatua ujiokoe. Na ubao una kingo mbili. Ule ukingo wa upande wa chini ya mlima ukigusa theluji kwa bahati mbaya, unang'olewa ghafla kama mtu aliyevutiwa mkeka alipokuwa amesimama juu yake. Ukiwa umeupa mlima mgongo, unatupwa mbele: magoti na viganja. Ukiwa umeuelekea mlima, unatupwa nyuma: makalio, kisha kisogo. Na mwanadamu akianguka hunyoosha mkono, kiganja kimefunguka. Uzito wote unaingia kwenye kiganja na kupanda hadi ule mfupa wa upande wa kidole gumba, karibu na kifundo. Hapo ndipo unapokatika.

Basi kama hela iliyobaki inatosha kitu kimoja tu mbali na helmeti, nunua kinga za vifundo vya mikono, zake na zako. Tafuta zenye bapa gumu linalopinda kidogo na kupanda hadi karibu nusu ya mkono. Zile fupi na ngumu kama jiwe huihamishia nguvu mwisho wa bapa, na mfupa unaweza kuvunjika hapo juu. Kuna kiwango cha kimataifa kilichotolewa mwaka 2020 kwa ajili ya kinga hizi za ubao, ISO 20320. Ukiiona namba hiyo kwenye lebo, ujue zimepimwa. Nenda dukani na glovu zenu, kwa sababu kinga huvaliwa ndani na glovu ya kubana haitaingia.

Helmeti siihesabu kama pedi. Hakuna kupanda bila hiyo. Iwe ya theluji, isiwe ya baiskeli, na ndani iwe na alama ya mojawapo ya viwango hivi vya usalama: CSA Z263.1, ASTM F2040 au EN 1077. Ikishapigwa pigo kubwa, hata kama kwa nje haina ufa, itupe, maana povu la ndani limekwisha kazi. Ndiyo sababu sipendi helmeti za mitumba ambazo hujui zimepitia nini.

Baada ya hapo ni kaptura yenye sponji, ile inayokinga nyonga na kifandugu, mfupa wa mwisho wa uti wa mgongo. Sisi wa Calgary tunaihitaji kuliko wengi. Upepo wetu wa chinook ukivuma unayeyusha theluji mchana, usiku inaganda tena, na asubuhi kilima ni sakafu ya saruji iliyopakwa chokaa. Kifandugu kikipigwa hakifungwi plasta. Utakaa kwa ubavu wiki nyingi, na kwenye kiti cha gari utanikumbuka. Kaptura ya sponji ya kawaida inatosha kuanzia. Ziko za bei ya juu zenye D3O, kitu laini kinachokakamaa papo hapo kinapopigwa, kazi ya Mwingereza Richard Palmer, naye ni mteleza kwenye theluji, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1999. Ni nzuri sana, lakini mwanafunzi wa Jumamosi hailazimu. Magotini, zile pedi za mpira wa wavu zinafaa kabisa, na mtazishukuru kila mnapopiga magoti kufunga mikanda. Kaptura mzijaribu pamoja na suruali ya juu, mkiwa dukani bado.

Tena mfundishe kuanguka kabla hajafika kilimani. Kwenye zulia la sebuleni panatosha. Mbele: ngumi zimefungwa, apokelewe na mikono yote kuanzia kiwiko, siyo viganja. Nyuma: achuchumae, kidevu kigande kifuani, akae na kuviringika kama pipa, mikono ameikumbatia. Mara 20 kila jioni kwa wiki moja. Mwili ukishazoea hautasubiri akili, na kinga bila zoezi hili ni nusu ya kinga.

Na hao wanaosema pedi ni za waoga, waache. Ubao uliingia Olimpiki mara ya kwanza Nagano, Japani, mwaka 1998. Olimpiki hiyohiyo Mkenya Philip Boit alikimbia kilomita 10 kwa ski, miaka miwili tu baada ya kuanza kujifunza. Alifika wa mwisho, na bingwa wa mbio, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimsubiri kwenye mstari akamkumbatia. Mimi humtaja Boit kwa kila anayeanza. Kuanza ukubwani, mbele za watu, kunahitaji moyo, na mwenye moyo huo ana haki ya kuulinda mwili wake.

Sasa kamera. Usimfuate kwa nyuma na simu mkononi. Nakuomba. Mlimani aliye mbele ndiye mwenye njia, na wewe wa nyuma ndiye wa kumkwepa. Macho yakiwa kwenye kioo cha simu utamkwepaje, nawe mwenyewe unajifunza? Shuka kwanza, vua ubao, simama pembeni karibu na uzio, mahali ambapo wanaotoka juu wanakuona. Kamwe usisimame chini ya tuta. Mwambie mapema atapita upande gani wako, halafu usimwite jina anaposhuka. Akikutazama, ubao utakuja ulipo, kwa sababu mwili hufuata macho. Nimeona mama akiita, “Tazama huku, mwanangu!” na mtoto akaja moja kwa moja miguuni pake.

Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, hadi dakika ya kurekodi. Baridi huilaza betri na simu iliyokuwa na asilimia 60 huzimika mkononi. Ilaze ubavu, ishushe hadi usawa wa goti, na uiache miti au nguzo za uzio zionekane, la sivyo mteremko utaonekana tambarare kama uwanja. Sekunde 20 zinamtosha bibi. Usikate pale anapoanguka na kuinuka, maana bibi atapenda kuona anainuka. Siku akiwa na darasa, watoto wa watu wengine wasiingie kwenye picha bila ruhusa ya wazazi wao.

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Edmonton, nina miaka 22, ubao nimeuzoea misimu minne. Mimi na marafiki zangu, wengi tumetoka Kivu, tunakwenda Banff na kurekodiana. Theluji inatoka vizuri, lakini nyuso zetu zinakuwa nyeusi tii kama vivuli. Na je, nikileta droni?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kosa si la nyuso zenu. Kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, inaupunguza hadi theluji inakuwa ya kijivu, na ngozi nyeusi inazama kabisa. Gusa uso kwenye kioo, bonyeza mpaka ijifunge hapo, kisha pandisha mwanga hatua moja, hata moja na nusu. Theluji ikichomeka kidogo, na ichomeke. Umekuja kumpiga picha mtu. Jua liwe mgongoni au begani kwako. Na mwambie rafiki yako avue miwani akisimama, uso akiuelekeza kwenye theluji yenye jua: mwanga unaodunda kutoka chini unaipendezesha ngozi yetu kuliko taa yoyote ya studio. Siku za mawingu, koti la rangi ya chungwa au njano ndilo litakalomtofautisha na weupe.

Ukitaka kumfuata, kaa upande wa kifua chake. Anayetanguliza mguu wa kushoto kifua chake kinatazama kulia, basi wewe uwe kulia kwake. Anayetanguliza wa kulia, kinyume chake. Ukiwa nyuma ya mgongo wake utarekodi koti tu. Kamera ya nyuzi 360 kwenye fimbo inafaa hapa, kwani inachukua pande zote na utachagua fremu nyumbani, macho yako yakibaki njiani. Rekodi fremu 60 kwa sekunde upate kupunguza mwendo baadaye. Nawe uvae kinga, hata misimu ikifika kumi, kwani mkono ulioshika fimbo haujui kuanguka. Ukihisi unaanguka, iachie. Kabla ya kuingia ndani kwenye joto, tia kamera kwenye mfuko wa nailoni ufunge, ili umande ushike mfuko badala ya lenzi.

Droni iache nyumbani. Banff ni hifadhi ya taifa, na kurusha droni bila kibali ni kosa.

SWALI: Nitavaaje helmeti juu ya hijabu? Nikifunga kama kawaida inapanda juu na kucheza.
– Dada wa Toronto

JIBU: Mdogo wangu, inacheza kwa sababu ya mikunjo na fundo la nywele. Vaa hijabu nyembamba ya kipande kimoja, ile ya michezo, bila pini hata moja chini ya helmeti. Nywele zisuke zishuke shingoni, pasiwe na kichuguu kisogoni. Halafu nenda dukani ukiwa umeivaa, uipimie helmeti juu yake, na utikise kichwa mkanda ukiwa bado haujafungwa. Ngozi ya paji la uso ikitembea pamoja na helmeti, hiyo ndiyo saizi yako. Shingoni, badala ya skafu ya kuning'inia vaa mfuko wa shingo wa sufu, kwa sababu ncha ya skafu inaweza kunaswa na kiti cha lifti inayowapandisha watu mlimani.