Maswali Yenu: Kiwavi Aliyeota Kijiti Kichwani

Wiki iliyopita niligusia wafugaji wa Tibet wanaochimba uyoga wa dawa wenye bei ya kutisha. Maswali yamemiminika.

Huyo ni mdudu au mmea? (Msomaji, Arusha)

Si mdudu wala si mmea. Ni uyoga unaomvamia kiwavi wa nondo akiwa ardhini, unamla ndani kwa ndani, kisha unachomoza kijiti cha kahawia kutoka kichwani mwake. Wenyewe huuita yartsa gunbu: majira ya joto nyasi, majira ya baridi mdudu. Kumbe jina lilishamaliza kazi, mimi najisumbua tu.

Kazi iko wapi hapo? Si kuinama na kuokota? (Msomaji, Nakuru)

Ndugu yangu, jaribu! Ni mita 3,000 hadi 5,000 juu ya usawa wa bahari, Mei mpaka Julai, na theluji inaweza kukukuta hukohuko. Watu hutambaa kwa magoti na viwiko, pua karibu iguse nyasi, wakitafuta kitu kidogo kama njiti ya kiberiti. Watoto ndio mabingwa, maana macho yao makali. Kuna shule hufungwa msimu ukifika. Ukikiona, usivute. Kikikatika, bei imeporomoka. Chomeka kijembe pembeni, inua bonge la udongo, lipasue kwa vidole taratibu, kisha msugue kiwavi kwa mswaki mpaka rangi yake ya manjano itokeze. Shimo hufukiwa na mwenye busara, kwa sababu yaki wake, wale ng'ombe wa manyoya marefu, watalisha papo hapo.

Hela anakula nani? (Mama Zuhura, Tanga)

Mama, safari hii hata mfugaji anaonja. Kwa makadirio ya mwaka 2004, uyoga huu ulileta takriban asilimia 40 ya fedha taslimu za vijijini Tibet. Ndizo pikipiki na matibabu hizo. Wanunuzi, wengi wao Waislamu wa kabila la Wahui, hupatana bei kwa kubonyezana vidole ndani ya mkono wa koti, jirani asijue.

Unaongeza nguvu kweli? (Msomaji, Eldoret)

Sifa zilivuma mwaka 1993, wanariadha wa kike wa China walipovunja rekodi na kocha wao, Ma Junren, akautaja uyoga huu. Tuhuma za dawa haramu zilifuata baadaye. Na mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya China ikaonya kuwa una sumu ya arseniki. Wewe wa Eldoret unaniuliza mimi siri ya mbio?