Video ya mkutano: usifute ile ya kwenye simu

Mtaani kwetu, pembezoni mwa Dodoma, tulikubaliana upana wa njia tukiwa chini ya mbuyu. Watu waliinua mikono, nami nikarekodi. Jioni nikairusha kwenye grupu la WhatsApp. Simu ilikuwa imejaa, basi nikafuta yangu. Mwaka uliofuata jirani mmoja akasogeza ukuta, na nilipoifuata ile video kwenye grupu nikakuta mikono inaonekana ila nyuso hazitambuliki. WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi, na maelezo ya ndani ya faili, ikiwemo tarehe halisi, hupotea humo humo.

Siku hizi nahamisha faili kwa waya hadi kwenye kompyuta, siku hiyo hiyo, kabla sijamtumia mtu. Flashi moja inabaki kwangu, nyingine kwa katibu wa kamati. Anayetaka kukata kipande akate nakala.

Kisha napiga heshi, yaani kompyuta inakokotoa namba ya kuitambulisha faili, kama alama ya kidole chake. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, halafu SHA256. Inatoka namba yenye herufi na tarakimu 64. Naiandika kwenye daftari la muhtasari wa mkutano, mwenyekiti na mashahidi wawili wanasaini ukurasa huo. (Kuinakili kwa mkono inachosha, mwanangu husoma, mimi naandika.) Ukiondoa hata sekunde moja ya video, namba yote inageuka. Kubadili jina la faili hakuna madhara.

Usiipe heshi kazi isiyo yake, lakini. Mtu anaweza kuigiza mkutano mzima na heshi yake ikawa safi kabisa. Inachosema ni kwamba faili ya leo ndiyo ile ya siku ile, basi. Ndiyo maana daftari lazima lionyeshe pia nani alirekodi, kwa simu gani, na faili imepitia mikono ya nani. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, kifungu cha 18, inaitaka mahakama ipime mambo ya namna hiyo: rekodi ilitengenezwa na kutunzwaje, na aliyeitoa anatambulikaje.

Mkutano wa pili nilifanya yote hayo, na bado nikabanwa. Tulikutana saa tisa alasiri, faili ikasema 12:00. “Umechezea,” mmoja akasema. Kumbe simu nyingi huandika ndani ya faili ya video saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya zetu kwa saa 3. Maelezo hayo hayakumwingia. Nikamwonyesha kivuli cha mbuyu: kimelala kirefu kuelekea mashariki, na saa sita mchana kivuli hakilali hivyo. Akaomba tuirudie video tangu mwanzo, safari hii akitazama kivuli tu.