Mteja wa simu hana mikono: niliyojifunza kwa kuuza mitumba mtandaoni

Belo langu la kwanza nililinunua Januari, Dar es Salaam, jua la kukaanga chapati. Niliambiwa ni la magauni. Tulipokata kamba sebuleni kwangu Tabata, mimi na mdogo wangu, likatoka sweta, likafuata sweta, likafuata koti la sufu. Kilo 45 za baridi ya Ulaya. Nilipompigia aliyeniuzia akanijibu kwa upole kabisa, "Dada, belo ni bahati." Simu akakata.

Kwa hiyo kama mtaji wako ni mdogo, usianze na belo. Siku hizi nakwenda Karume alfajiri, wenye meza wanapofungua mizigo, nachagua pisi moja moja. (Pisi za nguo, nisieleweke vibaya.) Bei ya asubuhi ni kali kwa sababu hapo ndipo vizuri vinapoondoka. Kadiri mchana unavyokwenda inashuka, hadi jioni unasikia vijana wanaimba buku, buku (elfu moja), halafu jero (mia tano). Wa mtandaoni usiisubiri jero. Nguo ya jero imeshashikwa na watu mia tangu asubuhi, na kila mmoja aliiacha kwa sababu yake.

Sasa fikiria watu hao mia walikuwa wanafanya nini. Mmoja anavuta mshono, mwingine anainua kwapa la blauzi kwenye mwanga, mwingine ananusa, na yule kaka anazungusha kiuno cha suruali shingoni mwake aone kama itamtosha. Mteja wa simu hawezi hata moja kati ya hayo. Mikono yake ni wewe. Mimi nilichelewa kulielewa hili, na likanigharimu.

Niliposti gauni la bluu, nikaandika "saizi 12" kama lebo ilivyosema. Dada mmoja wa Dodoma akalipa siku hiyohiyo. Kumbe lebo ile ilikuwa ya Uingereza, na yeye amezoea 12 za Marekani. 12 ya Uingereza ni kama 8 ya Marekani; gauni likagoma mapajani. Nikarudisha pesa yote, nikalipia na mzigo kurudi kwa basi. Na hata lebo ikiwa ya nchi unayoijua, hujui huko ilikotoka nguo imefuliwa mara ngapi na imeruka kiasi gani.

Tangu hapo silali bila futi ya fundi cherehani. Nalaza nguo mezani bila kuivuta, napima kwapa hadi kwapa, kiuno, nyonga, na urefu kuanzia bega hadi pindo. Suruali naongeza mguu wa ndani. Naandika inchi zote kwenye posti na kueleza kwamba nimepima ikiwa imelazwa, maana kifua cha 19 ni 38 ukizungusha. Kisha namwambia mteja asijipime mwili. Achukue gauni lake linalomkaa vizuri, alilaze kitandani, alipime vilevile, tulinganishe. Maneno hayo machache yamenipunguzia mizigo ya kurudi kuliko kitu kingine chochote.

Kasoro nayo ipige picha. Doa, kifungo kilichopotea, uzi uliovutika: weka sarafu ya mia pembeni ili ukubwa uonekane. Wenzangu wengi wanaogopa kwamba picha hiyo itafukuza wateja. Kwangu inawaleta, kwa sababu anayeona nimeonyesha tundu dogo la sketi anaamini kwamba blauzi isiyo na picha ya tundu haina tundu.

Picha zenyewe hazihitaji mambo makubwa. Saa mbili hadi saa nne asubuhi, kivulini karibu na mlango, ukuta usio na maua. Vichujio vya kung'arisha acha, hasa kwenye bluu nzito na nyeusi, maana ndizo zinazoleta ugomvi. Na fua nguo kabla. Ile harufu ya mtumba unaijua. Mteja akifungua mfuko ikamfikia puani, hata kama gauni ni zuri, ameshakasirika. Nguo za ndani usiziguse kabisa, TBS, shirika la viwango, imezipiga marufuku.

Bei iandike. "Bei njoo inbox" inawachosha watu, na mimi mwenyewe nikiiona napita. Ila kabla ya kuiandika, hesabu kila kitu. Gauni nimenunua 5,000, fundi kabadilisha zipu 2,000, na nikigawanya nauli, sabuni na bando, kila nguo inabeba kama 1,000. Hiyo ni 8,000. Ukiuza 10,000 umepata 2,000 na bado hujasikia "punguza basi, mpenzi". Mimi ningeweka 15,000, na 13,000 ndiyo mwisho.

Kuna na "dada, niwekee hadi mshahara". Hapa nimekuwa na roho mbaya, nakiri. Mtumba ni pisi moja, ukimwekea mtu wiki tatu umewafukuza wanne. Anayelipa kwanza ndiye mwenye nguo, hata akiwa shemeji yangu. Na kulipa maana yake ni pesa kuonekana kwenye salio langu. Nilishatumiwa meseji ya muamala iliyofanana kabisa na ya kweli, boda akiwa ameshawasha pikipiki getini. Usisome meseji, angalia salio.

Kwa wa mjini nina boda mmoja wa kijiweni kwetu ninayemwamini, na nauli yake mteja anatanguliza hata kama nguo atalipia akiipokea. Nilianza hivyo baada ya mtu kuzima simu boda akiwa ameshafika Mbagala. Wa mikoani napeleka mzigo stendi ya Magufuli, Mbezi: jina na namba ya mteja nimeziandika kwa maka peni pande mbili za mfuko, na risiti pamoja na namba ya basi nazipiga picha, namtumia hapohapo kabla hajaniuliza.

Yale masweta? Hakuna aliyeyataka Dar. Nikayafunga juu ya kabati hadi Mei, nikaanza kuyaposti nikitaja Njombe, Makete, Mafinga na Mbeya, kwa sababu Juni na Julai huko watu wanatetemeka kweli. Dada mmoja wa Makete akachukua sita, akarudi akachukua tisa za kuuza kwenye duka lake. Makoti ya sufu yalikwenda kwa bei ambayo gauni halijawahi kunipa. Mwisho wa Julai juu ya kabati palikuwa karibu peupe.

Limebaki sweta moja: la kijani, kifua 22 likiwa limelazwa, urefu 27, kiwiko cha kushoto kina uzi uliovutika, picha ya pili ina sarafu pembeni. 8,000, na nauli ya basi juu yako.